Jina la Baba Kwenye Daftari la Ruzuku

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Kile kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakutesa? Sisi tu wazima, ila magoti ya Mama yanalalamika kila akipanda kwenda shambani.

Mvua imeanza kuchungulia. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, mkorofi kama mama yake.

Sasa nikueleze yaliyotupata, maana najua Baba mdogo atakupigia akueleze yake.

Mwezi uliopita, kwenye simu ya marehemu Baba, ambayo Mama bado anaichaji, uliingia ujumbe: ruzuku ya serikali ya mbegu na mbolea iko tayari, mkulima afike ofisi ya kilimo na kitambulisho. Mkulima mwenyewe tumemzika tangu Agosti.

Baba mdogo alikuja siku hiyohiyo. Akasema sura yake na ya Baba ni moja, apewe kitambulisho aende yeye. "Shemeji, serikali itajuaje nani kafa?" alimwambia Mama. Sikumlaumu. Mbolea haishikiki kwa bei, na watoto wake wanakula kutoka shamba hilohilo. Mama akakitia kitambulisho mkobani, akasema atakwenda mwenyewe.

Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba. Bwana shamba ni kijana mpole. Aliitazama picha, akamtazama Mama, akaelewa bila kuambiwa. Akainuka, akafunga mlango.

"Mama, mimi sijaona kitu," alisema. "Weka dole gumba hapa kwa niaba yake, fedha za mbolea ziingie. Ukisema amefariki, jina nalifuta leo, na usajili mpya ni mwakani. Msimu huu mtakosa kabisa."

Tangu mazishi Mama alikuwa hajawahi kulitamka neno lile, kufa. Alikuwa akisema tu "baba yenu hayupo," kama mtu aliyetoka mara moja. Nakiri kwako, nilimfinya mkono aweke dole yaishe.

"Andika amekufa," akasema. "Halafu uniandike mimi. Miaka thelathini napalilia shamba lile, na daftarini simo."

Bwana shamba akauliza tarehe ya kifo. Mama akaitaja, na saa, kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani. Kijana wa watu aliweka kalamu chini, akangoja.

Kwa hiyo mwaka huu hatuna mbolea. Tutapanda nusu ya shamba kwa samadi, nusu tutaiacha ipumzike. Baba mdogo alitununia wiki mbili. Jana alfajiri tukakuta ng'ombe wake wa kulimia wamefungwa mlangoni. Mwenyewe kaondoka bila hodi.

Usitume chochote kwa sababu ya barua hii, Mama amekataa katakata. Ila mpigie. Ukipiga huwa unakwepa kumtaja Baba, ukidhani unamhurumia. Muulize habari za Baba. Siku hizi anaweza kuzungumza.

Shangazi anakusalimu, na bwana wangu pia. Nibusie wanangu, na wifi mwambie nampenda. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Akupendaye bila kuchoka,
Dada yako