Vumbi la Kijani Mlangoni

Tarehe 9 Agosti. Mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke nyumbani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, na moyo haujatulia. Mdogo wangu unayemsomea mama barua hii, nakusalimu na wewe. Tafadhali usiruke mahali, hata pale utakapoona kaka yako anajiaibisha.

Mama, bado niko kwenye ghala la machungwa. Kazi yangu ni kuyachambua yanapotoka kwenye kreti: mazuri kwenye boksi, mabovu kwenye pipa. Mikono inanuka maganda hata nikitoka kuoga. Nakaa chumba kimoja na mwenzangu wa kazi tunayemwita Mluzi, kwa sababu hawezi kupita mlangoni bila kupiga mluzi. Ni mchafu huyo bwana, ungemfukuza. Aproni yake haikung'uti hata siku moja. Akitoka kazini anaivua, anaikunja na uchafu wake ndani, anaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na kesho anaivaa mbichi. Nikimsema, ananijibu kwamba mimi ni bibi harusi ambaye hajaposwa.

Mvua zilipoanza, machungwa yakaanza kutuozea. Kwanza ganda linalainika, kisha linatoka doa jeupe kama pamba, halafu katikati ya ule weupe panageuka kijani, vumbi laini kama poda. Ukiligusa chungwa la namna hiyo, vumbi linapaa kama moshi. Wanunuzi wakarudisha maboksi mazima mazima. Nyapara akatukusanya akasema ukungu hauji wenyewe, kuna mtu anauleta, na akijulikana ataondoka.

Toka siku hiyo hakuna aliyemwamini mwenzake. Tuliacha kula pamoja. Mama mmoja wa upande wa kufunga maboksi akawa anabeba chupa yake ya maji hadi chooni. Mimi nikaanza kumchunguza Mluzi. Kilichonitia shaka ni kwamba mabovu yalikuwa mengi upande wangu, karibu na mlango, na upande wake yalikuwa ya kuhesabika. Mimi msafi, yeye mchafu, iweje? Nikajiambia ananifanyia kusudi ili nifukuzwe mimi. Nikaona kucha ya kidole gumba chake ni ndefu. Nikaona anapita kwenye meza yangu bila shughuli. Siku moja nikamkuta ameshika chungwa langu, amelikandamiza kwa kidole hicho hicho. Sikumuuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa nyapara nikamwambia anayatoboa. Sikusema nadhani, mama. Nilisema nimeona. Mluzi akaambiwa afungashe vitu vyake, wiki ikiisha aende.

Hakugombana na mtu. Aliacha tu kupiga mluzi. Na mimi hata ule ukimya wake niliuona ni ujanja, nikawa nalala nimeelekeza uso kitandani kwake.

Wiki hiyo hiyo tajiri mwenye ghala akamleta mama mmoja mtaalamu wa magonjwa ya matunda. Alikuja na visahani vyenye kitu kama jeli, akaviacha wazi kwa muda mfupi huku na huku ghalani vinase kinachoelea hewani, akavifunika, akaondoka navyo. Aliporudi, Mluzi akiwa bado hajaondoka, alikuja na hadubini, akatuita tuchungulie mmoja mmoja. Safari hii, mama, nimeona kweli. Kuna nyuzi nyembamba sana, zinasimamisha kijiti, na kijiti kinachanua juu kama ufagio. Kila ncha ya ufagio inajimega chembe moja, kisha chini yake inamega nyingine, hii inaisukuma ile, hadi zinakuwa kama shanga zilizotungwa. Akasema kila shanga inatosha kuanzisha ukungu mpya. Hakuna dume wala jike, hakuna kuoana. Uzi unajizalia peke yake, na watoto wote ni mzazi yule yule. Mluzi akasema kwa sauti kutoka nyuma kwamba basi ukungu una raha, hauna mashemeji. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama kucha yake.

Yule mama akaendelea kwamba shanga hizo ni kavu na nyepesi, hazing'ang'anii. Pumzi inazirusha, feni inazirusha, nguo ikipigwa inazirusha. Zinaelea, zinatua, zikikuta ganda lenye mkwaruzo zinaota. Na mikwaruzo, alisema, inatoka shambani na kwenye kreti, haihitaji mtu wa kutoboa. Kisha akavipanga visahani vyake. Cha upande wa Mluzi kilikuwa na madoa machache. Cha mlangoni, chini ya msumari ninaotundikia aproni yangu, kilikuwa kijani kitupu. Akauliza ni nani hukung'uta nguo pale, mahali ambapo feni inapuliza kuelekea ndani. Watu wote wakamgeukia Mluzi.

Mama, ni mimi. Ulinifundisha kwamba mtu haingii ndani na uchafu wa nje, akung'ute nguo mlangoni ndipo apige hodi. Kila nilipoingia kazini nilisimama pale nikaipiga aproni kwa nguvu, nikijisifu moyoni kwamba angalau mmoja wetu amelelewa. Kumbe vumbi la mabovu ya jana nilikuwa namkabidhi feni, naye analimwaga juu ya mazuri ya leo. Mluzi na uchafu wake alikuwa anazizamisha zile shanga kwenye ndoo. Usijilaumu, mama. Nyumbani kwetu hakuna ghala.

Ningenyamaza, mambo yangeisha. Nilinyoosha mkono mbele ya wote nikasema ni mimi, nikasema pia kwamba sikumwona Mluzi akitoboa, nilimwona ameshika tu. Yule mtaalamu akanitetea, akasema sikujua. Nyapara akajibu kwamba la vumbi sawa, la mdomo je? Mluzi abaki, mimi mwezi ukiisha niondoke.

Nilimuuliza Mluzi alikuwa akifanya nini na lile chungwa. Akasema aliona limeanza kulainika, akataka kuliondoa ili nyapara asilikute mezani kwangu. Kisha naye akaniuliza nimekiri ili nipate nini. Tangu hapo anafungia hata sabuni yake sandukuni.

Nisalimie shangazi na baba mdogo. Majirani wakiuliza, waambie mkataba umekwisha. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, jioni. Utasikia hodi bila kusikia nguo zikikung'utwa, na usiseme nimesahau malezi. Nitakuwa nje, navua koti polepole, nalikunja uchafu ukiwa ndani. Niletee ndoo ya maji.

Mimi, mwanao wa kwanza.