Sheria Yako ya Ngao

Mpendwa kaka Wafula,

Jumamosi iliyopita tuliketi tena kwenye meza yako hapa Kitale, na sheria yako ya ngao nimeibadilisha. Afadhali ulisikie jambo hili kutoka kwangu.

Unakumbuka ilivyozaliwa? Ulikuwa umetufundisha ule mchezo: wewe ukisimulia safari, mimi na rafiki yako Kamau tukiwa watu wa ndani ya hadithi, dadu ikiamua nani amepiga na nani amepigwa. Kamau alichagua upinde. Mimi nilichukua mkuki na ngao kwa sababu nilipenda kusimama mbele. Lakini kila vita vilipoanza, Kamau aliwamaliza maadui wakiwa bado mbali. Siku moja nikaweka karatasi yangu chini nikakwambia, "Kaka, mimi hapa ni mtazamaji tu. Wacha nikapike."

Ulikuna kidevu, kama ulivyofanya ukisahihisha mitihani ya watoto wa shule yako kule Kachibora. Kisha ukatunga sheria yetu wenyewe, isiyokuwa katika kitabu cha mchezo: adui akimkaribia mpiga mishale, upinde haumsaidii, na mwenye ngao anaweza kuacha zamu yake ya kupiga ili amkinge aliye kando yake.

Kamau aliruka. "Ati nini? Si hapo unampendelea dadako, bana!"

Hukubishana naye. Ulichukua karatasi zetu ukazibadilisha. "Leo wewe ndiwe Nekesa, mwenye ngao," ulimwambia. Siku nzima, kwa sheria za zamani, alikuwa akiwakimbilia maadui niliokuwa nimekwisha kuwaua kwa upinde wake. Jioni akasema, "Sawa, mwalimu. Weka hiyo sheria."

Halafu figo zako zikakataa kazi. Nasimiyu, mkeo, ndiye aliyekupeleka hospitali, akakuosha, akakukanda miguu, akajibu simu za jamaa wote. Sisi wengine tulikuja na matunda, tukakaa kidogo, tukarudi makwetu. Tulikuzika nyumbani Sirisia mvua ikinyesha. Kamau aliacha mahindi yake sokoni Moi's Bridge, akaja akabeba jeneza upande wa mbele.

Kwa muda mrefu hakuna aliyegusa dadu. Ni Nasimiyu aliyetuita. "Njooni mcheze. Nyumba imenyamaza sana." Akataka kucheza pia, yeye ambaye ulipokuwa hai alikuwa akitucheka tu. Mimi nikawa msimulizi. Yeye akachagua ngao.

Wiki baada ya wiki, zamu yake ilipofika, Kamau alikuwa hatarini, naye akamkinga. Jumamosi tulikuwa ndani ya pango la mlimani tukipigana na jitu. Kamau akasema, "Nikinge, shemeji."

Nasimiyu alishika dadu, asiirushe.

"Huyu mtu wangu hajawahi kupiga," alisema polepole. "Kazi yake ni kukinga watu. Na mimi nimechoka kukinga, wifi. Nimechoka kabisa."

Sote tulijua hasemi juu ya mchezo peke yake.

Nikatangaza kwamba tangu hapo, anayemkinga mwenzake atapiga pia, papo hapo. Kamau akatazama meza. "Hiyo ni sheria ya marehemu, Nekesa. Wacha ikae vile aliiacha."

Ilinichoma, kaka. Umetuachia vitu vichache sana vyenye sauti yako. Lakini nilimtazama mkeo, mikono yake ilivyokonda, nikamjibu Kamau, "Aliitunga ili asikae mtu hapa bila la kufanya. Angekuwepo, angemsikiliza Nasimiyu kabla yetu."

Kamau alimgeukia Nasimiyu. Kisha akasema, "Piga, shemeji."

Alipiga. Dadu ilitoa namba ndogo, mkuki ukalikwaruza tu lile jitu. Nilidhani atavunjika moyo. Badala yake alijifuta machozi kwa kanga, akaniambia, "Bado. Sijamaliza na huyu." Akapiga tena, na tena, sisi tukimshangilia, mpaka jitu likaanguka, naye akalaza kichwa mezani akalia kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya mazishi. Kamau alimshika bega. Mimi nilikwenda kuzima jiko alilokuwa amebandika chai yetu.

Ukinikasirikia, nitaelewa. Lakini sitairudisha ilivyokuwa.

Nimemwambia Nasimiyu kesho asiamke mapema. Ng'ombe wake nitamkama mimi.

Pumzika, kaka.

Dada yako,
Nekesa