Unyevu Kwenye Kipande cha Mjane

Kikao cha Kamati ya Malisho ya Pamoja. Jumamosi, saa tatu asubuhi, chumba cha kupimia maziwa.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mchomelea vyuma), Mwenye Ng'ombe Kumi na Wawili, Mchimba Visima, Mjane wa Mwalimu, na Katibu, bibi yenu ninayeandika haya.
Hakuhudhuria: Makamu. Alituma neno kwamba mgongo unamuuma. Alionekana njiani akisukuma mkokoteni.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu na nusu, kwa kuwa aliyechelewa ni yeye.

KUMB. NA. 2/5: SHUTUMA
Mwenyekiti alieleza kwamba mwaka jana kamati iliagiza kila mtu ang'oe vichaka vichungu kwenye kipande chake, kwa kuwa ng'ombe hawavili na vinabana nyasi. Wote waling'oa. Mjane aling'oa viwili, mkono ukamuuma, vingine vikabaki. Sasa vipande vyote vimekauka, chake kibichi, na kila asubuhi udongo wake una unyevu.

Mwenye Ng'ombe alisema mama huyu anachota maji ya birika la mifugo jioni, watu wakishaondoka. Alitaka anyang'anywe kipande. Mwenyekiti alimuunga mkono, akatumia neno mwizi mara tatu.

Mjane alisema ana ng'ombe mmoja na wajukuu watatu wanaokunywa maziwa yake. "Kipande kikienda, ng'ombe naye anakwenda mnadani. Hao watoto niwape nini, maneno yenu?"

KUMB. NA. 3/5: UFUNGUO
Ilielezwa kwamba bomba la birika lilifungwa kwa mnyororo na kufuli kila jioni kwa siku saba, ufunguo akakaa nao Mwenyekiti. Unyevu haukupungua. Mwenye Ng'ombe aliuliza ufunguo huo ulikuwa ukilala wapi. Mwenyekiti aliuliza, "Kwani leo nashtakiwa mimi?"

KUMB. NA. 4/5: KUCHIMBA
Wajumbe walihamia kwenye kipande. Mchimba Visima alichimba hatua tano kutoka kichakani, akapata vumbi. Alichimba chini ya kichaka, akapata udongo unaoshikana mkononi, na mizizi ya nyasi imesokotana na ya kichaka kama nywele zilizosukwa. Mzizi mmoja ulishuka mpaka akachoka kuufuata.

Alieleza kwamba kichaka huvuta maji ya chini kabisa, na jua likizama huachia mengine karibu na juu, nyasi jirani zikanywa. Nyasi nazo huufunika udongo usiungue. "Mmemng'oa mchota maji wenu wenyewe, halafu mnatafuta mwizi," alisema.

Mwenye Ng'ombe alisema bado ana mashaka, huenda Mjane na Mchimba Visima wamepanga. Alipewa jembe achague kichaka kingine mwenyewe. Alichagua cha mbali. Alichimba, akashika udongo, ukashikana mkononi.

KUMB. NA. 5/5: MAAMUZI
Mjane abaki na kipande chake. Vichaka visiguswe, na vipandwe upya kwenye kila kipande kwa mbegu atakazotoa yeye. Mjane alikubali, kwa sharti kwamba kila aliyemwita mwizi asimame mbele yake akiri.

Mwenye Ng'ombe alisimama, akasema, "Nimekukosea, dada." Mwenyekiti alisema goti linamsumbua. Katibu aliweka kalamu chini, akasubiri.

Kikao kilifungwa saa sita kasoro robo, Mwenyekiti akiwa amesimama na amesema.

Mwenyekiti: ......................
Katibu: ......................