Chale za Kifuani

Yaya Fidèle, kaka yangu mkubwa uliyeko Salamabila,

Sisi tungali wazima. Tangu kijiji chetu kilipochomwa tunalala huku Kasongo, ndani ya maghala ya zamani ya jeshi. Bati linavuja, lakini mboga ya sombe inapatikana, na mtoto wangu Sonia ameanza kutembea, akishikilia masanduku matupu ya risasi.

Mlangoni askari wanawavua wanaume mashati, wanatafuta chale wanazochanjwa wapiganaji wa porini ili risasi zisiwapate. Mdogo wetu Heri wakamkuta nazo kifuani. Mama akapiga kelele: "Ni miye nilimuchanja! Alikuwa mutoto, alikuwa anakohoa!" Hawakumsikiliza. Walimpeleka Heri nyuma ya maghala, na sisi tukaambiwa tusimuulizie tena.

Mama anataka uje upesi umtafute, maana wewe ndiwe mkubwa. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekuandikia.

Basi nimekuandikia. Usije, yaya. Mama amesahau, lakini mimi nakumbuka: mlikohoa pamoja, wewe na Heri, na aliwachanja siku moja, kwa wembe mmoja.

Funga shati lako.

Mdogo wako,
Benita