Mguu wa Phetole

Mamelodi Mashariki,
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu mpendwa Phetole,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Nomvuyo, na kwamba ule upepo wa Cape Town haujamrudishia mtoto kifua chake. Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne amelisahau, amepanda kiti anafuta vumbi juu ya kabati, na ukimwambia ashuke anakuuliza nani alimzaa nani. Jiwe la kaburi la Baba limekamilika, na Jumamosi ijayo litafunuliwa. Mama ameshanunua tangawizi ya kutengenezea kinywaji cha gemere, ameshagombana na mchinjaji, na amenituma nikuulize kama mtakuja kwa ndege au kwa gari lako jipya.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa nanyamaza, unanijua. Jambo hili lazima nilimalize, maana Jumamosi, kabla shuka halijaondolewa juu ya jiwe, wanachama wote wa Theetša, chama cha santuri cha Baba, watanisubiri nitaje jina. Nimewaambia kwamba santuri ya Baba imeibwa na kwamba mwizi ninamjua. Bra Jeri, mwenyekiti, amesema mtu huyo hatakanyaga tena penye muziki wetu, na makaburini hatasimama pamoja nasi.

Nianze mwanzo.

Tangu Baba atutoke, Mama hakutaka kiti chake kwenye chama kikae kitupu, akanituma mimi. Mwanzoni wazee walinitazama kama mtu aliyeingia msalani kwa makosa. Bra Jeri aliniuliza kama ninaijua tofauti ya saksofoni na filimbi ya refa. Nikamjibu kwamba ninaijua, na kwamba ile albamu ya piano anayoisifu kila Jumapili, mpiga besi wake yuko nyuma ya wenzake kuanzia wimbo wa pili hadi mwisho. Walicheka mpaka Mma Seipati akamwaga chai. Tangu siku hiyo wakaniita Ntate Mdogo, yaani Baba Mdogo, na nikawa na kiti changu.

Unakumbuka wanavyobishana. Mwaka huu ubishi wote ulikuwa juu ya santuri zinazochapwa upya ng'ambo. Bra Jeri anasema toleo jipya ni kama maiti iliyopakwa poda: uso ule ule, lakini jaribu kumsalimia. Hununua toleo la kwanza tu, na kabla hajatoa pesa hunusa jalada, eti karatasi ya zamani ina harufu yake. Mma Seipati humwambia kwamba yeye ana masikio na haendi kununua samaki. Bra Jeri akaapa kwamba nyumba yake ikishika moto ataokoa kwanza ile albamu ya piano, kisha mke wake. Mke wake, aliyekuwa anapakua utumbo, akasema ndiyo maana kiberiti anakitunza yeye.

Bra Lefa hakuwa na upande. Huyo, kama unavyojua, ndiye aliyekuwa pacha wa Baba kwa kila kitu isipokuwa kuzaliwa. Ndiye anayeosha santuri za chama kizima, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa cha mtoto, na ndiye anayeweka sindano. Alisema tu kwamba mtu hupenda ile aliyoisikia kwanza, na mengine ni mdomo.

Kwa Baba, ile ya kwanza ilikuwa *Pula ya Bošego*, Mvua ya Usiku, ya Zacharia Makofane na wenzake wanne. Nakala zilikuwa chache, kampuni ikafa, mikanda ikapotea. Na nakala ya Baba ilikuwa na kitu kisichopatikana kwenye nyingine yoyote duniani: mkwaruzo wako. Ulikuwa na miaka mitatu, ukaendesha kigari chako cha waya juu ya upande wa pili, na tangu siku ile, besi inapomaliza kuzunguka na saksofoni inapotaka kuingia, sindano inaruka: *tak!* Baba hakukuchapa. Jumapili iliyofuata alikwenda kuicheza vile vile, na sauti ile ilipotokea akainua mguu, akashusha kisigino juu yake kana kwamba ngoma ndiyo iliyomwita. Wenzake wakamwiga. Miaka ikapita, chama kizima kikawa kinaucheza mkwaruzo ule. Wote wananing'iniza mguu, wanangoja, *tak*, kisigino chini, halafu saksofoni. Wakauita mguu wa Phetole. Wageni wa vyama vingine walidhani ni mtindo wetu.

Mwezi wa Julai nilipewa zamu ya kuleta santuri. Nikaenda kwenye kabati la Baba, nikaitoa ile ile, katika jalada lake lenye alama ya kikombe, nikampa Bra Lefa aicheze. Tulikuwa kwenye gereji ya Bra Jeri. Wazee wameng'arisha viatu, kila mmoja amechukua nafasi yake. Besi ikazunguka. Miguu ikainuka. Wakangoja.

Hakuna kitu. Saksofoni iliingia laini kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na watu kumi na kitu wakabaki wanayumba kwa mguu mmoja kama kuku waliokanyaga majivu ya moto. Mma Seipati, simu mkono mmoja, alimdaka Bra Jeri kwenye tai. Kicheko kikapasuka. Mmoja akauliza kama santuri imekwenda jandoni. Mwingine akasema Bra Lefa ameiosha mpaka ameitoa dhambi zake zote. Mimi sikucheka. Nilikwenda nikaiinua, nikaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa safi kama kioo. Lebo ilikuwa imepakwa chai ipate rangi ya uzee, na pale ukingoni, ambapo matoleo mapya huandikwa mwaka, palikuwa pamesuguliwa. Mtu alikuwa ameitoa ya Baba, akaweka nyingine ndani ya jalada lake.

Sasa, kaka, nisikilize vizuri. Niliangalia ile santuri, na jina la kwanza lililonijia lilikuwa lako.

Usiikunje barua. Fikiria nilivyofikiri. Toleo jipya la santuri ile, lililochapwa ng'ambo kutoka kwenye nakala ya mtu, ni wewe uliyemletea Baba, mwezi mmoja kabla hajalazwa. Nilikwenda kulitafuta kabatini, halikuwepo. Ni wazi kwamba ndilo lililokuwa mkononi mwangu. Wiki ya msiba ulilala katika chumba kile. Wewe ndiye uliyetuambia mezani, tukila, kuhusu mtu wa Amsterdam anayenunua santuri za Makofane bila kuuliza bei, ukacheka, ukatutazama mmoja mmoja. Na kabla ya Krismasi ukanunua gari. Vitu hivi nilivipanga kichwani kama vikombe kwenye rafu, kila kimoja mahali pake. Ndiyo maana ulipopiga simu mwezi wa Agosti nikasema niko kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa kitandani nikiitazama simu inavyotetemeka, nikijiambia kwamba mtu asiye na hatia hapigi mara tatu.

Nilimpima Mama pia. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, nani aligusa kabati baada ya msiba. Hakugeuka. Alisema niviache vitu vya baba yangu vipumzike. Hata neno hilo nililitilia shaka. Nikaona anakukinga, kama alivyokuwa anakukinga ulipovunja vioo vya jirani. Nikafikia mahali nikawa ninamhesabia maneno mama yangu mzazi.

Basi nikamwambia Bra Jeri kuna wizi, na kwamba jina nitalitaja siku ya jiwe, mbele ya kaburi, mwizi mwenyewe akiwepo. Sikumwambia ni nani. Nilitaka uje. Nilitaka nikuone uso.

Wiki iliyopita Mma Seipati alinionyesha kwenye simu yake video aliyoipiga siku ile gerejini. Alitaka nicheke. Ameipiga chini chini, miguu tu, kwa sababu anapenda viatu. Nikaomba anitumie. Nikaitazama mchana mzima. Besi inazunguka, miguu yote inainuka, inangoja, inayumba. Miguu yote, isipokuwa miwili. Ile ya viatu vya kahawia na vyeupe haikuinuka kabisa. Ilipita pale moja kwa moja, ikaingia kwenye saksofoni bila kungoja chochote. Mtu mwenye viatu vile ameucheza mguu wako miaka thelathini. Siku ile peke yake hakuungoja, kwa sababu alijua hautakuja.

Ni viatu vya Bra Lefa.

Nilikwenda kwake siku ya pili, Alhamisi alasiri. Nilimkuta kwenye kibaraza na beseni lake, anaosha santuri za mtu. Sikukaa. Nilimwekea simu mbele ya macho. Aliitazama mara moja, akafuta mikono, akavua kofia. Alisema miaka yote amejifunza kuficha kila kitu usoni, na miguu ndiyo iliyokwenda kumsema. Nikamwambia asinifanyie mzaha, anieleze ameiuza kwa nani, na kama ni kwa mtu wa hapa au kwa yule wa Amsterdam. Akaniambia, "Mwanangu, keti kwanza. Umesimama kama polisi."

Sikuketi. Akaeleza hivyo hivyo.

Alisema Baba alimwita hospitali siku za mwisho, akamfukuza muuguzi, akamwagiza kwamba siku watakapomvalisha aiweke *Pula ya Bošego* kifuani kwake, ndani ya koti, na toleo jipya litiwe kwenye jalada la zamani ili sisi tusiulize. Asubuhi ya mazishi alimtuma Mama akalete tai nyingine, akafanya alivyoagizwa; lebo alikuwa ameshaipaka chai mwenyewe. Mama alirudi, akamtazama Baba kwa muda, akamkabidhi ile tai.

Nikamuuliza kwa nini. Alihangaika na kofia yake. Mwisho akasema Baba alimwambia hivi: wanangu wanapendana, Lefa, lakini hawaaminiani. Nikiwaachia kitu kimoja, kila mmoja atakuwa anaitazama mikono ya mwenzake. Bora niende nacho. Halafu akaongeza kwamba huko aendako asingependa kuusikia wimbo ule bila mguu wa mtoto wake.

Ningependa kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Nilisimama pale nikiwaza jinsi hadithi ile ilivyokuwa nzuri mno. Ushahidi uko chini ya ardhi, ambako hakuna atakayechimba. Mama hakuona kwa macho. Marehemu hasemi. Mtu aliyeiuza angesema nini kilicho bora zaidi ya hicho? Nikamwambia hayo usoni, mtu aliyenifundisha kushika santuri kwa ukingo. Hakukasirika. Alisema hana cha kunionyesha, akarudisha mikono kwenye maji.

Nilikuwa nimefika kwenye geti niliposimama. Nilikumbuka vifungo.

Wewe unakumbuka, Phetole, kwa sababu ndiwe uliyefoka. Tulipopita kumuaga Baba, koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi juu. Baba, ambaye hajawahi kufunga koti maishani mwake, hata siku ya harusi, aliyekuwa akisema koti lililofungwa ni la askari wa jela. Ulimfuata yule mtu wa jeneza mpaka nje ukimuuliza nani amemfunga Baba vifungo. Naye akaapa kwamba yeye hakumgusa, wamemvalisha wenzake wa chama. Na mimi niliona kifua kilivyokuwa bapa, kipana, kimenyooka kama mtu aliyevuta pumzi akaishika. Nilidhani kifo ndivyo kinavyofanya.

Nilirudi kibarazani, nikaketi. Bra Lefa alinipa kitambaa. Tukaosha santuri mpaka mkewe akatuita kula.

Basi hilo ndilo nililokuwa nalo. Baba alituogopea sisi wawili, akafanya alichoweza kutuzuia tusitazamane mikono. Na alipokwisha kukifanya, mimi nikakutazama mikono tangu Julai. Alinijua vizuri. Sijui kama alikujua na wewe vizuri hivyo. Ulipopiga mara tatu labda ulikuwa unataka kunisalimia tu.

Jumamosi nitataja jina kama nilivyoahidi. Nitawaambia aliyeichukua santuri ni Baba mwenyewe. Halafu Bra Lefa ataweka sindano juu ya ile safi, pale pale makaburini, na wazee watainua miguu, watangoja, na hakutakuwa na kitu. Ninakuomba uwepo. Usimame karibu na jiwe, na besi inapomaliza kuzunguka, ushushe kisigino chako chini kwa nguvu. Yeye ana mkwaruzo wake huko. Huku juu tumebaki na wewe tu.

Mama anakusalimu sana, na anasema mje mapema kwa sababu viti havitoshi. Mma Seipati anauliza una viatu gani. Mbusu mtoto, na umwambie wifi shangazi yake mtoto amekoma kuwa na kazi nyingi. Sasa simu anaipokea.

Ni mimi dada yako mdogo,
Mokgadi