Kibao cha Mdogo Wetu

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Pokea salamu hizi ukiwa umekaa, maana magoti yako hayana adabu kama yangu. Kifua kimetulia? Nyumba ya mama bado inavuja pale jikoni? Sisi ni wazima. Anayeandika ni mjukuu wetu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunisafishia maneno. Ukikuta ukali, ni wangu.

Ulisikia kwamba huyu mjukuu ameajiriwa fundi mitambo hapa kwenye kiwanda cha barafu ninakofagia uwanja. Ni fundi mwanamke wa kwanza. Wanaume walimpokea kwa vicheko, wakamuuliza kama amekuja kupoza juisi. Nikawaambia barafu haiulizi aliyeishika kavaa suruali au gauni.

Sasa nisikilize vizuri. Nje ya chumba cha baridi kuna ubao wenye misumari, na kila mwanamume ana kibao chake, upande mmoja mwekundu, wa pili mweupe. Akiingia anageuza upande mwekundu, akitoka mweupe. Mlango ule haufunguki kwa ndani, kwa hiyo jioni msimamizi hutazama ubao. Akiona vyeupe vitupu, anatia komeo na kwenda zake. Wanawake hawana vibao. Eti hawaingii humo, na wao ndio hutumwa kila siku kukwangua sakafu.

Mjukuu akaomba kibao. Msimamizi akamwambia aache madaha, afanye kazi au arudi nyumbani akapike. Naye akasema bila kibao haingii, wakitaka wamfukuze. Akapewa mpaka Ijumaa awe amebadili mawazo.

Alhamisi mchana alikuwa akipaka grisi bawaba za mlango ule, akasikia mtu anabisha kutoka ndani. Vibao vyote vilikuwa vyeupe. Mafundi wakamcheka, wakasema hayo ni mabomba, yanabisha miaka yote, azoee. Akaniita. Nikatega sikio kwenye chuma. Dada, palibishwa mara mbili, halafu kucha zikakwaruza chini ya mlango, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha baba.

Unajua ni nani aliyekuwa akibisha hivyo kwetu, akichelewa kurudi kutoka kiwanda hiki hiki.

Mkono wa mjukuu umesimama hapa. Nimemwambia aendelee.

Nilimwamuru msimamizi afungue, akafungua huku anacheka. Hamkuwa na mtu. Lakini sakafu ilikuwa imefagiwa, vipande vya barafu vimekusanywa katikati na kufunikwa gunia, vile vile mama alivyotufundisha kufunika taka upepo usizirudishe. Kicheko kilimkauka yule msimamizi mzee mdomoni. Akakaa juu ya kreti, akasema yote.

Mdogo wetu hakutoroka na dereva, kama walivyotuambia. Mama amekufa amemnunia bure. Jioni ile alikuwa humo ndani anakwangua sakafu, na msimamizi, enzi hizo bado kijana, akatazama ubao, akaona vyeupe, akatia komeo. Asubuhi wakamkuta mlangoni. Mwenye kiwanda akaagiza isemwe ametoroka, gari likaja kumchukua. Lilimpeleka wapi, anasema hakuambiwa.

Sikumpiga. Mkono uliniwasha, lakini sikumpiga. Nilimwambia achonge vibao vya wanawake wote kabla ya kwenda nyumbani, akachonga vyote. Cha mjukuu kimekaa katikati ya vya mafundi wenzake, na kazini ameingia. Nikadai kimoja zaidi. Nilikitundika mwenyewe mwisho wa safu, upande mwekundu, maana tusidanganyane, bado alikuwamo.

Leo asubuhi nimefika kabla ya wote. Komeo liko pale pale. Kibao chake kimegeuzwa, ni cheupe, na nilipokigusa kiliniganda vidoleni kwa baridi.

Nisalimie wajukuu wa huko na jirani yako mbishi. Meza dawa zako, usijifanye daktari. Na mlango wa uani, ule wa mama, usiutie komeo siku hizi. Ukisikia kucha, usimuulize alikuwa wapi. Mfungulie.

Ni mimi, mdogo wako uliyebaki naye. Dole gumba hapa chini ni langu.