Timazi Mbili za Soy

Mzee Barasa,

Kaburi lako nimelimaliza jana jioni. Mawe ya kuchonga, mistari mitatu, juu nimelainisha kwa simiti. Kona zote nne nimezipandisha mimi. Mama Nekesa ndiye aliyeniita, nami nisingeweza kumkatalia mjane wako, lakini usidhani nilifanya kwa moyo mweupe. Miaka sita nilikuwa mtu wako wa mkono hapa Eldoret. Nilichanganya simiti, nilibeba karai, mwishowe ukaniruhusu kujaza mawe katikati ya ukuta. Kona hukunipa hata siku moja. Kona ni ya fundi, ulisema, na wewe kichwa chako kiko mawinguni. Kona zangu za kwanza maishani zimekuwa za kaburi lako, na kwa hilo nakulaumu.

Sasa umelala na huwezi kunikatiza, kwa hivyo utanisikiliza.

Najua nilikukosea kule Soy. Tulikuwa tunajenga stoo ya mahindi ya yule mkulima, ukuta mrefu kuliko kuta zote tulizowahi kuinua. Wewe ulikuwa umening'iniza timazi kwenye kona moja, ule uzi wako wenye chuma mwishoni, mimi nimeshika timazi nyingine kwenye kona ya pili, na mwenye stoo amesimama katikati na fimbo yake. Nikauliza, kwa nia safi kabisa, kama nyuzi hizi mbili ziko sambamba. Ukasema ndiyo. Nikasema haziwezi kuwa, maana kila moja inaelekea katikati ya dunia, na dunia ni mviringo, kwa hivyo huko chini zitakutana na huku juu kuta zinaachana. Ni kidogo mno, nilitaka kuongeza, hata unywele ni mnene kuliko hiyo tofauti. Sikufika hapo. Mkulima alikuwa ameshasikia kwamba kuta zinaachana.

"Wewe Kiprono," ulifoka, "unataka kuniambia nyumba zote nimejenga ziko bend?"

Wiki iliyofuata stoo ile ilikuwa na fundi mwingine.

Hapo nilikosa. Swali kama lile haliulizwi mbele ya mwenye kazi, hata mtu aliyeingia mjengoni jana anajua. Lakini niliomba msamaha, Mzee. Niliomba mpaka nikachoka. Wewe ukanifanya kichekesho. Kila tukikaa kunywa chai ya saa nne ulikuwa unaniita profesa mbele ya mafundi wote. "Profa, hebu tuambie, leo dunia inavuta ama imechoka?" Wakacheka. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa najibu. Niliwaambia nilivyosikia kwenye vipindi vya sayansi kwenye simu yangu: kwamba dunia haivuti jiwe kama mtu anavyovuta kamba. Kitu kizito hupinda nafasi na muda vilivyokizunguka, na jiwe ukiliachia linafuata tu njia yake ndani ya mpindo huo. Kwamba muda wenyewe huenda polepole zaidi kadiri unavyokaribia ardhi, na jiwe likianguka linaelekea upande ambako muda unachelewa. Kwamba wewe uliyekuwa juu ya jukwaa ulikuwa unazeeka haraka kuliko mimi niliyekuwa chini na karai, ingawa hakuna saa ya mkononi inayoweza kuonyesha tofauti hiyo. Ulitema chai. Ukasema nizeeke polepole basi, lakini simiti iko wapi.

Haya. Sikuelewa yote, na bado sielewi. Shule niliachia kidato cha pili. Lakini nilitaka kuelewa, na nilitaka kuelewa pamoja na mtu, na mtu aliyekuwa karibu nami mchana kutwa ulikuwa wewe.

Halafu siku ya mazishi, mzee wa kanisa lenu akashika maikrofoni. Akasema marehemu alikuwa mtu wa fikra nzito. Akasema ulimfundisha kwamba huku chini muda unatembea polepole kuliko juu ya paa, na kwamba hajawahi kusikia fundi wa mawe akiongea hivyo. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nyuma na koleo, nasikia maneno yangu yakisifiwa kuwa yako, maneno yaleyale uliyoyatemea chai. Damu ilinichemka. Nilitaka kwenda mbele nimnyang'anye ile maikrofoni. Sikuenda. Nilitupa udongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Mama Nekesa aliniona.

Nadhani ndiyo sababu jana, nilipokuwa naosha mwiko, aliniletea chai akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia yule mzee wa kanisa alisahau nusu ya habari. Kumbe kila jioni ulikuwa unarudi nyumbani kwenu Munyaka na maneno yangu. "Kiprono amesema hivi," unaanza, kisha unapanga vikombe mezani kumwonyesha, unakwama, unakasirika, unavirudisha kabatini. Hata ulipolazwa wodini, pumzi ikiwa imekuwa fupi, ulimuuliza yeye jambo la shimo jeusi. Akakwambia hajui. Ukamwambia ukipata nafuu utaniuliza mimi.

Mzee, hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Nilikuja kukuona wodini mara nne. Mara zote nne tuliongea habari ya mvua. Nilikuwa hapo hapo, kwenye kiti cha plastiki, goti langu limegusa kitanda chako. Mdomo ulikuwa nao.

Swali lako nimelipata. Niliwahi kuwaambia kwamba shimo jeusi ni kitu kizito kilichojikunja mpaka hata mwanga hauwezi kutoka, na kwamba mtu akiangukia huko, sisi tulio mbali tutamwona akipunguza mwendo, akipunguza tena, mpaka ni kama amesimama ukingoni, anafifia. Kuingia kwenyewe hatukuoni kamwe. Mlicheka wote. Wewe ukaenda nyumbani ukajiuliza huyo anayeanguka mwenyewe anaona nini, kama naye anakwama pale ukingoni.

Hapana, Mzee. Hakwami. Kwa saa yake mwenyewe muda unaenda kama kawaida, na kama shimo ni kubwa anapita ukingo bila kugonga chochote, pengine hata hajui kwamba ameshapita. Anayekwama ni yule tunayemwona sisi tuliobaki nje.

Kwaheri, Mzee Barasa. Sijakusamehe, na ulaini wa simiti yangu usikudanganye. Nakuahidi kila Desemba nitakuja kuangalia kama kuna ufa, nizibe, na nikulaumu upya. Jibu lenyewe lilikuwa la dakika mbili. Ungeniuliza, ningekaa mpaka manesi wanifukuze.

Kiprono